Nasaba ya Mawe Mawili: Jiwe la Tororo na Marumaru ya Moroto

Tarikhi tutakayoisimulia leo iliwatangulia wanadamu kwa dahari nyingi: ni tarikhi ya mawe mawili yanayokutana katika kiwanda kimoja cha saruji, ng'ambo tu ya mpaka wa Kenya, mjini Tororo, Uganda.

La kwanza ni jiwe la chokaa la vilima vya Tororo vyenyewe, ambavyo asimamaye Malaba akielekea magharibi huviona waziwazi, na ambavyo vimechimbwa kwa ajili ya saruji tangu mwanzo wa miaka ya 1950. La pili ni marumaru ya Tapac, karibu na Moroto katika nchi ya Karamoja, inayoletwa kwa malori hadi Tororo. Yote mawili yamejaa madini ya kalisaiti, na yote mawili hufoka mapovu yakidondoshewa tindikali. Kwa hiyo mwenye kuhukumu kwa dhahiri atasema ni ndugu, ilhali nasaba zao ziko mbalimbali kabisa.

Marumaru ni mwamba geu. Asili yake ni mashapo ya chokaa yaliyotuama chini ya bahari ya kale, yakashikamana, yakazikwa. Kisha mabara yalipogongana, yapata miaka milioni 600 iliyopita, joto na mgandamizo viliziumba upya chembe zake pasipo kuziyeyusha. Jiwe la Tororo, kinyume chake, ni mwamba wa moto, uliopanda kutoka vilindini ukiwa umeyeyuka, katika ukoo mmoja na volkeno za zamani za pande za Elgoni.

Haya hayakukubaliwa kwa wepesi. Mwaka 1921 mtaalamu wa Norwei, W. C. Brøgger, aliyapa mawe ya namna hii jina la kabonataiti, lakini wenzake wengi walishikilia kwamba ni vipande vya chokaa ya kawaida vilivyokokotwa na volkeno. Shaka ilipungua sana mwaka 1960, J. B. Dawson alipoiona katika kreta ya Oldoinyo Lengai, Tanganyika, lava ya kaboneti yenye magadi ikitiririka mbele ya macho yake.

Wala tofauti hii si ya vitabuni tu. Jiwe la Tororo lilipanda pamoja na fosfati, ileile iliyojaa katika vilima jirani vya Sukulu. Nayo fosfati ni neema kwa mkulima anayetaka mbolea, lakini ikizidi katika saruji huichelewesha kushika.

Basi, walimu wetu, wapelekeeni wanafunzi mawe wayaone, na muwafundishe kwamba sura na rangi ya jiwe si shahidi wa kutosha wa asili yake: sharti waulize pia lilipatikana wapi, linapakana na miamba gani, na limebeba madini gani ndani yake.