Kura ya Diwani

Leo twataka kunena juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni kura ya diwani.

Mtu akisikia habari za uchaguzi, mawazo yake hukimbilia kwa Rais na Mbunge. Kumbe takataka za sokoni, mfereji uliozibika mlangoni pake, na ushuru wa dagaa washukao katika mwalo wa Kibirizi, ni mambo ya halmashauri. Na katika halmashauri, mtu wake wa karibu ni diwani.

Manispaa ya Kigoma-Ujiji ina kata 19, kama vile Gungu, Bangwe, Katubuka na Buzebazeba. Kila kata huchagua diwani mmoja kwa muda wa miaka 5. Huongezwa wanawake wa viti maalumu, kisha madiwani humchagua Meya miongoni mwao. Katika mji mkubwa wa Chicago, huko Marekani, mambo ni mengine. Kata ni 50, na kila moja ina mjumbe wake, walakini Meya huchaguliwa na wananchi wenyewe. Kwetu sisi, ampaye diwani kura ampa pia sauti ya kumweka Meya. Karatasi moja yafanya kazi mbili; mtu aweza kuitupa ovyo?

Labda mmoja wenu atasema, "Diwani ana nguvu gani?" Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwa mfano wa hapa hapa. Tarehe 25 Oktoba, 2015, wapiga kura wa Kigoma-Ujiji waliikabidhi manispaa yao kwa ACT-Wazalendo, chama kilichosajiliwa mwaka 2014. Mwaka 2016 manispaa hiyo ikawa miongoni mwa serikali 15 za miji na majimbo duniani zilizoingizwa katika mpango wa kuendesha shughuli za serikali kwa uwazi. Lakini mwaka 2017 Serikali ya Tanzania ilijitoa katika mpango huo. Mwaka 2020 Chama cha Mapinduzi kilirudi madarakani katika manispaa, ingawa wapinzani waliyakataa matokeo.

Katika habari hiyo twaona mipaka ya diwani. Mkurugenzi wa manispaa huteuliwa na Rais, wala si na madiwani. Na sehemu kubwa ya fedha hutoka Serikali Kuu.

Basi, je, kura hiyo ni bure? La, hasha! Mwenye nguvu chache ndiye ahitajiye zaidi watu nyuma yake. Mikutano ya baraza la madiwani ni wazi kwa wananchi. Twende tukasikilize. Tuulize ushuru wetu umetumika wapi, na mfereji utazibuliwa lini. Diwani ajuaye kwamba ataulizwa, naye atamwuliza Mkurugenzi.

Tuwatazame wavuvi wetu usiku ziwani. Wakisha kumpa mmoja usukani, wengine hawalali: huyu atazama taa, yule akumba maji, na wote wasikiliza upepo. Nasi tukisha kupiga kura tusilale. Siku ya uchaguzi ni moja, bali siku za kuuliza ni nyingi.

Kwaherini, mpaka tutakapozungumza tena.