Kujuana na Kujulikana: Maneno kwa Vijana Waingiao Kazi ya Uhusiano na Umma



Neno "kujuana" katika Kiswahili lina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni wa heri. Watu hujuana kwa ujirani, kwa arusi na maziko, kwa kusoma chuo kimoja na kuswali safu moja. Uso wa pili ni ule utajwao na kijana arudiye nyumbani jioni, vyeti vyake vimo katika bahasha iliyokwisha kuchakaa, naye amwambia mama yake kwamba kazi ile ilikuwa ya kujuana. Hapo neno lile lile hugeuka kuwa lawama, na aghalabu lawama hiyo ni ya haki. Ukipita Buyenzi, ukipita Nyamirambo, ukipita Kibuli, utamkuta kijana huyo barazani, na anayo elimu.

Sasa iko kazi moja ambayo haiwezekani kuitenga na kujuana, nayo ni kazi ya uhusiano na umma. Afisa wa kazi hii husimama mlangoni, baina ya shirika lake na watu wa nje. Huandika taarifa, hujibu magazeti na redio, na siku hizi hujibu hata maswali yaletwayo usiku wa manane kwa simu za mkononi. Tena huyachukua malalamiko ya watu na kuyafikisha ndani kwa wakubwa ambao pengine hawapendi kuyasikia. Hana shamba wala duka. Mali yake yote ni idadi ya watu wanaomjua, na kiasi cha imani waliyo nayo katika neno lake. Nayo si kazi ngeni tena katika nchi hizi. Maafisa wa Kenya walifanya chama chao mwaka 1971, na mwaka 1975 shirikisho la Afrika nzima liliundwa Nairobi. Vyuo vikuu huifundisha na kutoa shahada. Lakini shahada haimwonyeshi kijana namna ya kumpata mtu wa kwanza wa kumwamini, na hilo ndilo gumu.

Waislamu hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Bwana Mtume, kabla ya kupewa utume, alikuwa kijana yatima asiye na mali, lakini Makka nzima ilimwita al-Amin. Sifa hiyo ndiyo iliyomfikia Bibi Khadija, naye akampa bidhaa zake azipeleke Sham, akamfuatanisha na mtumishi wake Maisara. Na waliporudi, Maisara alieleza yale aliyoyaona njiani. Wanazuoni wameieleza habari hiyo kwa mapana kuliko iwezavyo kuelezwa hapa. Itoshe kuona kwamba Bibi Khadija alikuwa na jamaa wengi wa kuwapa kazi ile, akamchagua aliyejulikana. Kujuana ni wewe kumjua fulani. Kujulikana ni fulani kujua jambo fulani juu yako.

Katika historia ya kazi yenyewe, mtu mmoja ambaye maisha yake yafaa kusomwa na kila kijana, kwa mema yake na kwa makosa yake, ni Mmarekani Ivy Lee. Alizaliwa mwaka 1877 katika jimbo la Georgia, mtoto wa kasisi wa Kimethodisti. Alihitimu Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1898, akaenda New York kuandika katika magazeti. Kazi yake ilikuwa kufuatilia habari za fedha na mabenki, kazi yenye mshahara mdogo na miguu mingi. Alipoiacha mwaka 1903, naye ana mke wa kumlisha, hakuwa na cheo chochote. Alichokuwa nacho ni hiki tu: wenye mabenki walimjua kuwa ni mwandishi asiyegeuza maneno yao, na waandishi walimjua kuwa ni mwenzao.

Kazi mbili za kwanza alizozipata zilikuwa za kampeni, na zote mbili ziliishia katika kushindwa. Mwaka 1903 alimwandikia Seth Low aliyetaka kurudishwa katika umeya wa New York; Low akashindwa. Mwaka 1904 aliajiriwa na chama cha Democratic katika uchaguzi wa rais. Mgombea wao akashindwa vibaya na Theodore Roosevelt. Kijana mwingine angalisema nyota yake ni mbaya. Lakini katika ofisi ile ya uchaguzi alifanya kazi chini ya mzee mmoja, George Parker, mwenye uzoefu mwingi wa magazeti na siasa. Parker aliona namna kijana yule anavyofanya kazi, na uchaguzi ulipokwisha wawili hao wakafungua ofisi yao. Hivyo uchaguzi uliopotea ulimpa Lee mshirika. Vijana waandikao maombi ya kazi hupenda kuficha mahali waliposhindwa. Yafaa wakumbuke kwamba hata mahali hapo walikuwapo watu waliowatazama wakifanya kazi.

Mwaka 1906 wenye machimbo ya makaa ya mawe walimwajiri. Miaka minne nyuma, katika mgomo mkubwa wa mwaka 1902, kiongozi wao George Baer hakutaka kusema na waandishi, hali kiongozi wa wafanyakazi, John Mitchell, aliwapokea vizuri. Basi magazeti yakaandika yale yaliyosemwa, na aliyenyamaza akaumia. Lee aliwapelekea wahariri tamko fupi la desturi za ofisi yake. Alieleza kwamba hiyo si ofisi ya siri. Kwamba habari zake si matangazo ya biashara, na mhariri akiziona kuwa ni matangazo asizichapishe. Na kwamba mhariri yeyote atakaye kuhakikisha jambo atasaidiwa kulihakikisha. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo huo treni ya Pennsylvania Railroad ilianguka kutoka darajani karibu na Atlantic City, watu zaidi ya 50 wakafa. Desturi ya makampuni ya reli ilikuwa kufunga mdomo na kuwafukuza waandishi. Lee, aliyekuwa akiitumikia kampuni ile, alifuata njia nyingine: alitoa habari yeye mwenyewe, wala hakungoja kuulizwa. Watu wa gazeti hawakumsahau.

Na mwaka 1914 imani hiyo ilimletea kazi kubwa kuliko zote, na aibu kubwa vile vile. Tarehe 20 Aprili, mahali paitwapo Ludlow katika jimbo la Colorado, askari wa jimbo pamoja na walinzi wa kampuni walishambulia kambi ya mahema ya wachimba makaa waliogoma. Moto ulishika mahema, na katika shimo lililokuwa chini ya hema moja wakakutwa wanawake wawili na watoto 11 wamekufa. Wenye hisa kubwa katika kampuni ile walikuwa akina Rockefeller, na nchi nzima iliwakasirikia. Mhariri mashuhuri Arthur Brisbane ndiye aliyemtajia Rockefeller mdogo jina la Lee. Huo ulikuwa ni kujuana kwa aina bora: mhariri kumsifu mtu kwa kazi aliyoiona.

Lee akaanza kutoa karatasi za taarifa, nazo zikatapakaa nchi nzima. Ikaja kugunduliwa kwamba zimo habari za uongo ndani yake. Mathalan mishahara ya viongozi wa chama cha wafanyakazi ilitajwa kwa kiasi kilichopita kweli mara nyingi. Alipohojiwa na tume ya serikali alikiri kwamba aliyapokea maneno hayo kutoka kwa wakubwa wa machimbo bila kuyapeleleza. Huyu ndiye yule yule aliyewaahidi wahariri mwaka 1906 kwamba atawasaidia kuhakikisha! Mwandishi Upton Sinclair akampa jina la "Poison Ivy", nao ni mmea wa Marekani uwashao mwili kama upupu. Jina hilo halikumtoka mpaka leo. Ni kweli kwamba baadaye Rockefeller alikwenda Colorado mwenyewe, Septemba 1915, akaingia machimboni, akala na wachimbaji na kuwasikiliza. Jambo hilo lilikuwa jema kuliko karatasi zote zilizotangulia. Lakini waliokufa Ludlow walikwisha kuzikwa.

Amri ya kuhakikisha habari kabla ya kuitoa ni amri inayojulikana na kila aliyesoma Suratul Hujurat. Afisa kijana huletewa karatasi na mkubwa wake, akaambiwa itoke kabla ya adhuhuri. Je, auulize ukweli wa yaliyomo? Aogopa kuonekana mkaidi. Lakini jina litakalowekwa chini ya karatasi ile ni jina lake, na mwandishi atakayedanganywa nayo atamkumbuka yeye, si mkubwa wake.

Basi kijana aanzie wapi, ikiwa hana ofisi? Aanzie katika chama hiki. Maulidi yafanyika kila mwaka, madrasa hufunguliwa, hesabu za mapato na matumizi husomwa, na mara nyingi hakuna mtu anayewapasha habari watu wa gazeti wala wa redio. Halafu siku kunapozuka uvumi mbaya juu ya Waislamu, viongozi hutafuta huku na huku mhariri wa kuzungumza naye, wasimpate hata mmoja amjuaye katibu kwa jina. Kijana aandike taarifa ya ukurasa mmoja: nani, jambo gani, wapi, lini, na kwa sababu gani, aweke nambari ya simu ya mtu ambaye kweli ataipokea, aifikishe mapema, kabla ya saa ambayo gazeti hufungwa. Awe na daftari la majina, na mbele ya kila jina aandike mtu huyo hupenda habari za namna gani. Amwandikie mtu kumshukuru kwa makala nzuri siku ambayo hana haja naye. Akiulizwa asilolijua aseme kwamba halijui, ataje saa atakayoleta jibu, na saa hiyo alilete, hata kama jibu ni kwamba bado halijapatikana. Mambo haya ni madogo, na kwa udogo wake wengi huyaacha.

Na ile bahasha ya "nauli" apewayo mwandishi mwishoni mwa mkutano? Wengi husema ni desturi, na hakuna habari itokayo bila hiyo. Lakini mwandishi aliyenunuliwa leo kwa kiasi kidogo atanunuliwa kesho kwa kikubwa na mwingine, na kijana aliyeanza kwa bahasha hatajua kamwe kama taarifa zake zina thamani yoyote.

Wazee nao wana sehemu yao. Barua ya kumtambulisha kijana ni ushahidi, nao ushahidi ni amana. Mzee amwandikiaye kila mtoto wa jamaa yake kuwa ni hodari na mwaminifu, ingawa hajapata kumwona akifanya kazi, huzifanya barua zake zisisomwe, na wa kwanza kudhurika ni yule mtoto ambaye kweli ni hodari. Wala wasisahauliwe mabinti. Mengi ya kujuana hufanyika barazani na baada ya swala, mahali ambapo wao hawapo. Huko New York, tangu mwaka 1919, Doris Fleischman alifanya kazi hii bega kwa bega na Edward Bernays, akiandika mengi ambayo watu waliyasifu kwa jina la mwanamume peke yake. Binti aandikaye taarifa za chama atajwe jina mbele ya wageni, kama atajwavyo kaka yake.

Limebaki jambo la mwisho, nalo lahusu ni nani wa kumtumikia. Lee alipokuwa mtu mzima alijuana na matajiri na wakuu wa nchi nyingi, na kazi zilimjia bila ya kuzitafuta. Moja ilikuwa ya kampuni kubwa ya madawa na kemikali ya Ujerumani, I. G. Farben, kwa malipo ya kiasi cha dola 25,000 kwa mwaka, wakati Hitler amekwisha kushika nchi. Mwaka 1934 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kueleza shauri alilowapa Wajerumani. Alijitetea kwamba aliwakataza kueneza propaganda katika Marekani, na pengine alisema kweli. Lakini magazeti, ambayo zamani yalikuwa yakimwamini, yalichapisha jina lake karibu na jina la Hitler. Alifariki mwezi wa Novemba mwaka ule ule, umri wake miaka 57.