Daftari la mto likae Nyangwe

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama na wageni



Niliombwa niseme namna mtu wa kawaida anaweza kufanya kazi ya sayansi. Najua kuna atakayecheka: sayansi gani, na sisi bado tunatafuta mabati? Mnivumilie kidogo, maana jambo lenyewe linaanzia palepale tunapoweka mabati.

Tuliporudi tulikuta majani. Tukafyeka, tukajenga. Mwaka wangu wa kwanza nililima mpunga bondeni, karibu na mto, udongo mweusi, mzuri sana. Maji yakapanda, yakachukua yote na mbegu ya mkopo ndani yake. Mama mmoja mzee akaniambia: «Mwanangu, kule hatukulimaga. Baba yako alijua.» Kweli baba alijua, lakini alifia ukimbizini, na hakuandika popote. Tunapohesabu tulivyopoteza tunasema mbuzi, milango, cherehani. Habari ya maji yanafika wapi hatuihesabu, nayo ilipotea. Leo vijana wetu wanajenga mahali ambapo babu zao wasingejenga.

Kupima mto siyo kitu kigeni hapa. Mwaka 1871 Livingstone alikaa Nyangwe, akitumaini kwamba Lualaba ndiyo mwanzo wa Nile. Mwaka 1874 akaja Cameron. Alipima kimo cha nchi akaona mto wetu hapa uko chini kuliko Nile kule Gondokoro, karibu na Juba ya leo. Maji hayapandi mlima. Basi akasema Lualaba ni maji ya Kongo. Stanley aliondoka hapa mwaka 1876, akafuata mto mpaka Boma mwaka 1877, neno likahakikishwa. Majina ya hao watatu yako vitabuni. Wapiga kasia na watu wa soko waliokuwa wakiulizwa kila siku, mto huu unatoka wapi, unakwenda wapi, ni nani anayewajua? Walitoa habari, vipimo vikaenda Ulaya.

Siku hizi kuna njia nyingine. Wataalamu wanaiita sayansi ya raia: mwenyeji mwenyewe anapima, anaandika, na anabaki na kazi yake. Niwape mfano wa jirani. Magharibi mwa Kenya, kwenye bonde la mto Sondu unaoingia ziwa Victoria, waliweka vipimo vya maji mahali 13, na kibao cha maelezo pembeni. Anayepita anasoma namba, anaituma kwa SMS, hata kwa simu ndogo ya vitufe. Mwaka wa kwanza watu 124 walituma vipimo 1,175 vilivyokubalika. Wakavilinganisha na mashine, wakaona raia wanasoma vizuri. Lakini sikilizeni hili: wengi walituma mara chache tu wakaacha. Waliobeba kazi walikuwa watu 13. Kwa hiyo sitafuti umati hapa. Natafuta watu wanne wenye uvumilivu.

Kazi yenyewe ni hii.

Kwanza, mvua. Chukua chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka. Kata shingo, igeuze iwe kama mrija wa kumiminia. Weka mawe madogo chini ili upepo usiiangushe, mimina maji mpaka yafunike mawe, piga mstari: hapo ndipo sifuri. Iweke uwanjani, mbali na paa na miti. Kila asubuhi saa moja pima kwa rula kutoka sifuri, andika milimita, kisha rudisha maji mpaka kwenye mstari. Milimita moja ni sawa na lita moja katika kila meta moja ya mraba. Siku isiyo na mvua andika 0. Siku uliyosahau andika «sikusoma». Usikisie hata kidogo, maana namba moja ya uongo inaharibu nyingine zote.

Pili, mto. Mti uliosimikwa kwenye matope unazama au unasogea. Tutafute mwamba au ukuta wa saruji, tupake rangi kila sentimita kumi, namba zisomwe kutoka ukingoni bila mtu kuingia majini.

Tatu, alama za zamani. Tutembee na wazee waliobaki, watuonyeshe maji yalifika wapi, tuweke vigingi. Hii haingoji pesa. Inagombana na umri wa wazee.

Faida ni nini? Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipanda likaingia katika nyumba Uvira na Kalemie. Maji ya ziwa yanatoka kwa Lukuga, yanaingia Lualaba, yanapita Kongolo, yanafika kwetu, kisha Kibombo na Kindu. Ndugu aliyeko Kongolo akitupigia simu kwamba maji yamepanda, je, tuna siku ngapi za kuvuna na kuhamisha magunia? Ni daftari tu litakalotujibu, baada ya misimu miwili au mitatu.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Mtu anayezunguka na daftari katika nchi iliyoona vita anashukiwa haraka. Kwa hiyo chefu na wakubwa wa usalama waambiwe kwanza, na daftari liandike maji na mvua basi: lisitaje mtu, wala silaha, wala machimbo. Tena, sisi tunajua daftari linaungua pamoja na nyumba. Nakala moja ikae shuleni, moja kwa chefu, na kila mwisho wa mwezi kurasa zipigwe picha zitumwe kwa ndugu walioko Kindu. Na kila mkutano wetu ufunguliwe kwa kusoma namba za mwezi, ili anayepima aone kazi yake inatumika.

Kwenu wafadhili: hatuombi mashine. Tunaomba rangi, rula, madaftari, kalamu, na mega kidogo za kutuma picha. Mtakaohitaji namba hizi kwa masomo yenu mtapewa. Daftari lenyewe litabaki hapa, na majina ya waliopima yaandikwe juu yake.

Mimi nitachukua chupa ya kwanza. Nani wa pili?