Kampuni ya Karata ya Mji wa Kyoto

Wasikilizaji wetu wa madarasa ya watu wazima, sogeeni karibu na redio, na mwenye karatasi hii mkononi afuatishe kwa kidole ninaposoma. Leo nitawapeni habari za kampuni moja ya Japani, jina lake Nintendo. Kazi yake ni kutengeneza michezo ya video, yaani michezo ya picha zinazotembea juu ya kioo kama cha televisheni, na mchezaji huziendesha kwa kubonyeza vitufe.

Kampuni hiyo ilianza mwaka wa 1889 katika mji wa Kyoto. Aliyeianzisha, Fusajiro Yamauchi, hakuijua televisheni, haikuwako. Yeye alitengeneza karata. Karata zake hazikuwa za shupaza na kopa kama hizi tunazocheza barazani. Zilikuwa 48, zimechorwa maua na miti, na kila mwezi wa mwaka una karata zake nne. Wacheza kamari walizinunua sana, na nyumba ile ikapata riziki yake hapo kwa miaka mingi.

Mwaka wa 1949 mzee aliyeiongoza kampuni aliugua. Mjukuu wake, Hiroshi Yamauchi, kijana wa miaka ishirini na kitu, akaacha masomo ya chuo kikuu akashika biashara. Mwaka wa 1956 alikwenda Marekani kuitazama kampuni kubwa ya karata. Alipofika akakuta ofisi ndogo tu. Akawaza: ikiwa mkubwa wa kazi hii ameishia hapa, mimi nitafika wapi?

Basi akaanza kutafuta kazi nyingine. Akajaribu teksi. Akajaribu kuuza wali wa kutayarishwa upesi. Havikumfaa. Lakini kiwandani alikuwako fundi, Gunpei Yokoi, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza mashine za karata. Fundi huyo alijitengenezea mkono wa bandia wa kurefuka na kukamata vitu, kwa kujifurahisha tu. Bwana mkubwa akauona. Wengine tungalimgombeza fundi kwa kucheza kazini. Yeye akamwambia autengeneze wa kuuzwa. Mwaka wa 1966 mikono hiyo ikatoka, ikauzwa zaidi ya milioni moja. Tangu hapo kampuni ikafuata vitu vya kuchezea, na baadaye vya umeme.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa kampuni ilikaribia kuharibikiwa Marekani. Kiongozi wa tawi la huko alikuwa Minoru Arakawa, mkwe wa Hiroshi. Aliagiza mashine 3,000 za mchezo uitwao Radar Scope, mashine kubwa kama kabati zinazowekwa mabaa, mtu atumbukize sarafu acheze. Zilikuja kwa meli, safari ndefu. Hata zilipofika, watu walikwisha kupenda michezo mingine. Zikauzwa 1,000 tu. Nani darasani atanitolea hesabu hiyo? Naam, zikabaki 2,000, zimelala ghalani, na kodi ya ghala inadaiwa.

Arakawa akaomba Japani mchezo mpya wa kutiwa ndani ya makabati yale yale. Kazi hiyo alipewa Shigeru Miyamoto, kijana mchoraji ambaye alikuwa hajapata kubuni mchezo wake mwenyewe; Yokoi akamsimamia. Akabuni sokwe aliyemwiba mwanamke, akapanda naye juu ya jengo, na seremala mdogo anayemfuata huku akiruka mapipa. Mchezo ukaitwa Donkey Kong. Arakawa, mkewe na wasaidizi wachache wakafungua kabati moja baada ya moja, wakabadilisha vyombo vya ndani kwa mikono yao. Mwaka huo wa 1981 makabati yote yakaisha, wakaagiza mengine maelfu kwa maelfu. Seremala yule wakamwita Mario. Yasimuliwa kwamba ndilo jina la mwenye ghala aliyekuja kudai kodi yake.

Mwaka wa 1983 wakatoa mashine ya kuchezea nyumbani, ya kuunganishwa na televisheni. Zile za mwanzo nyingine zilikuwa na kasoro. Hiroshi akaamuru zirudishwe, zitiwe vyombo vipya, ingawa fedha nyingi zilipotea. Mwaka wa 1985 wakaipeleka New York. Wenye maduka waliogopa, kwa sababu michezo ya namna hiyo ilikuwa imewatia hasara. Wakaahidiwa kwamba zisizouzwa zitarudishwa. Mwishowe mashine hizo ziliuzwa karibu milioni 62 duniani.

Baadaye walipanda na kushuka. Mashine yao ya mwaka wa 2012 ilinunuliwa na wachache, milioni 13 na kitu. Iliyoifuata mwaka wa 2017 ikapita milioni 150. Na zile karata za maua? Wanaziuza mpaka leo.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.