Kosa la Maabara Lililofunua Siri ya Mishipa ya Damu

Maandishi ya hotuba iliyosomewa wakazi kabla ya zoezi la kupima presha



Kabla foleni haijaanza kusonga, kuna kisa kinachohusu mishipa ya damu. Kinaanzia mbali, Brooklyn, katika jiji la New York, mwaka 1978.

Katika maabara ya Profesa Robert Furchgott kulikuwa na fumbo la siku nyingi. Mwilini kuna kemikali iitwayo asetilikolini. Mnyama aliye hai akidungwa kemikali hiyo, mishipa yake hulegea na presha hushuka. Lakini Furchgott alipochukua kipande cha mshipa mkuu wa sungura, akakitundika katika maji na kutia kemikali ile ile, kipande kilijikaza. Matokeo hayo aliyachapisha katika miaka ya 1950, na kwa zaidi ya miaka 20 hakuna aliyeweza kueleza kwa nini kitu kimoja kilegeze ndani ya mwili na kukaza nje ya mwili.

Mwezi wa Mei 1978, fundi wake wa maabara alikosea. Alitakiwa kuosha dawa ya kwanza kabla ya kutia ya pili, naye hakuiosha. Mshipa uliotarajiwa kujikaza ukalegea. Bosi mwingine angemkaripia fundi, amwage maji yale na kuanza upya. Furchgott aliketi akajiuliza kimetokea nini.

Jibu lilikuwa katika namna ya kukata mshipa. Miaka yote ile mshipa ulikatwa uwe utepe mrefu, na katika kuushikashika upande wake wa ndani ulisuguliwa bila mtu kujali. Safari hii vilitumika vipande vilivyokatwa kama pete, ambavyo upande wa ndani haukuguswa. Kilichosuguliwa na kupotea ni utando mwembamba sana, wenye unene wa seli moja tu, unaofunika mishipa yote ya damu kwa ndani. Wataalamu wengi waliuchukulia utando huo kama rangi ya ukutani, kitu cha kuzuia damu isivuje basi.

Ili kuhakikisha, Furchgott alichukua kipande kilichokwanguliwa utando na kingine chenye utando wake, akavibandika uso kwa uso kama chapati mbili. Akatia kemikali. Kipande kisicho na utando nacho kikalegea. Maana yake ni kwamba utando wa jirani ulitoa kitu kilichovuka na kuuamuru msuli wa mshipa ulegee. Yeye na msaidizi wake John Zawadzki walichapisha habari hiyo mwaka 1980, na kwa miaka sita maabara za nchi mbalimbali zikawa zinakitafuta kitu hicho. Hakikuwa rahisi kukamatwa, kwa sababu kilitoweka baada ya sekunde chache.

Julai 1986 wanasayansi wa mishipa ya damu walikutana Rochester, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Furchgott alisimama akasema kwamba, kwa ushahidi wake, kitu hicho ni gesi: nitriki oksaidi. Katika mkutano huo huo Louis Ignarro, kutoka California, alifikia jibu hilo hilo kwa njia yake mwenyewe. Ukumbini si wote walioamini. Gesi hiyo ilijulikana kama uchafu unaotoka kwenye ekzosi ya magari. Nani angekubali kwamba mwili wa binadamu unaitengeneza kwa makusudi, kila dakika, ili damu ipite?

Mwaka uliofuata kundi la Salvador Moncada nchini Uingereza, pamoja na Ignarro mwenyewe, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba ni kweli. Mwaka 1998 Furchgott, Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel. Murad alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1977 kwamba nitrogliserini, dawa ya zamani ya maumivu ya moyo, hufanya kazi kwa kutoa gesi hiyo hiyo. Nitrogliserini ndiyo baruti iliyomtajirisha Alfred Nobel, mwenye tuzo, na uzeeni madaktari walimwandikia hiyo hiyo kama dawa ya moyo wake. Moncada hakupewa tuzo, na wapo wanaolalamika hadi leo.

Sasa, kisa hiki kinamhusu vipi mkazi aliyekuja hapa na mguu unaouma au mtoto mwenye kikohozi?

Kinamhusu kwa sababu utando ule huumia kimyakimya. Presha ya juu huuchosha. Moshi wa sigara huuharibu, na sukari nyingi katika damu vilevile. Ukishachoka, gesi ya kulegeza mishipa hupungua, mishipa inabaki imekazana, presha inazidi kupanda, na presha hiyo inaumiza utando zaidi. Wakati huo wote mwenye mwili analima, anaendesha bodaboda, anacheza na wajukuu, wala hasikii kitu. Wengi hungoja kuumwa kichwa ndipo waamini. Kuna ambao dalili yao ya kwanza huwa ni kiharusi.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja.

Utando huo una habari nyingine kwa akina mama wenye watoto wadogo. Katika malaria kali, chembe nyekundu za damu zenye vimelea hunata kwenye utando wa mishipa midogo, pamoja na ile ya ubongo, na kuziba njia. Watafiti waliowapima watoto nchini Tanzania walichapisha mwaka 1996 kwamba kadiri malaria ilivyokuwa kali, ndivyo alama za nitriki oksaidi katika miili ya watoto zilivyokuwa chache. Kwa hiyo mtoto mwenye homa anayeanza kudegedega au kushindwa kuamka hasubiri asubuhi. Apelekwe kituoni usiku huo huo.

Na kwa akina baba, jambo linalosemwa kwa sauti ya chini. Vidonge vya nguvu za kiume vya aina ya Viagra hutumia njia hiyo hiyo ya nitriki oksaidi. Mtu anayetumia nitrogliserini kwa ajili ya moyo akimeza vidonge hivyo, presha inaweza kuporomoka hadi kumuua. Vinauzwa hata bila swali lolote. Anayetumia dawa ya moyo amwambie daktari, aibu au hakuna aibu.

Kuhusu chakula, chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na humo imehesabiwa ile iliyomo kwenye mkate na krisps. Mchicha na mboga nyingine za majani zina naitreti, ambayo mwili huweza kuigeuza kuwa nitriki oksaidi. Ni msaada mzuri, lakini aliyeandikiwa vidonge vya presha asiviache kwa sababu ya mchicha.

Upimaji unaanza sasa. Aliyekunywa chai au kahawa, au kuvuta sigara, katika nusu saa iliyopita apishe wenzake kwanza. Kila mtu ataketi dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mashine ikianza kubana, hakuna kuzungumza. Namba zote mbili zitaandikwa kwenye kadi. Atakayepatikana na 140 kwa 90 au zaidi atapimwa tena siku nyingine kabla ya kuambiwa kwamba ana ugonjwa. Asiyeweza kurudi aache jina la kijiji chake, na mhamasishaji wa afya ya jamii atamfuata nyumbani na mashine.