Kuotesha Miti ya Kigeni kwa Mbegu Nyumbani

Maneno aliyoyasema Bwana Shamba mbele ya wakulima waliokusanyika kitaluni

 

Leo nataka kusema nanyi habari za miti iliyotoka nchi za mbali ikawa jirani zetu. Mgrevilea tunaoupanda kati ya kahawa na migomba, na mwati wenye magome ya kutengenezea ngozi, kama ule wa Njombe, asili yake ni Australia. Mwarobaini, na msaji kama ule wa Longuza kule Muheza, ilitoka Bara Hindi na nchi zilizo jirani. Msonobari upandwao sana katika nyanda zetu za juu, ambao wengi huuita paini, asili yake ni Mexico.

Wakulima wengi huniambia, "Bwana Shamba, nilinunua mbegu, nikapanda, nikamwagilia, hata moja haikuota. Nimeuziwa mbegu mbovu." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi mbegu ilikuwa nzima, ila ilitendewa kama mahindi. Mahindi hukaa ghalani, mvua ikinyesha hupandwa, yakaota. Mbegu za miti hazina desturi moja. Nyingine hufa zikiwekwa. Nyingine haziamki mpaka zitiwe maji ya moto. Yapasa kuijua desturi ya mbegu kabla ya kushika jembe.

Mimi mwenyewe nilipoanza kazi hii nilikosa. Niliokota debe zima la kokwa za mwarobaini, nikazifunga katika mfuko wa nailoni, nikaziweka stoo kungoja mvua za mwaka wa pili. Kisha nikawagawia watu. Wakatengeneza matuta, na akina mama wakateka maji mtoni kila jioni kwa wiki sita. Hakuna hata mche mmoja uliotokea, kwa maana niliwapa mbegu zilizokufa. Hasara haikuwa mbegu tu. Mti ukichelewa mwaka mmoja, kivuli chake na boriti zake navyo huchelewa mwaka mmoja. Nisingependa mtu mwingine apate hasara ile.

Basi sikilizeni desturi ya kila mbegu.

Mwarobaini. Okota matunda yaliyogeuka manjano. Ondoa nyama, osha kokwa, zianike kivulini siku mbili au tatu. Usizifunge mahali pasipopita hewa. Zipande upesi, zisipite wiki mbili.

Mgrevilea. Mbegu zake ni nyepesi, zina ubawa kama karatasi, na vifuko vikipasuka upepo huzichukua. Kwa hiyo chuma vifuko vinapoanza kuacha rangi ya kijani na kuwa vya kahawia. Vitandaze juu ya gunia chini ya kivuli mpaka vipasuke. Mbegu hizi hazihitaji dawa wala maji ya moto, lakini hazidumu mahali penye joto. Zipande mapema.

Mwati. Mbegu hii ina ganda gumu lisilopitisha maji, nayo yaweza kukaa miaka mingi. Chemsha maji, epua sufuria, ndipo utie mbegu. Ziache humo mpaka kesho yake. Usizichemshe juu ya moto, maana zitaiva kama maharage. Zilizovimba zi tayari kupandwa. Zisizovimba zirudie vivyo hivyo.

Msaji. Loweka kokwa usiku, uzianike juani mchana. Fanya hivyo kila siku kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Hazioti zote pamoja, basi usivunje tuta kwa haraka.

Msonobari. Kuota si taabu. Taabu huja baadaye, miche inapodumaa na kuwa ya manjano. Mizizi yake hutaka ukungu wa manufaa ukaao udongoni, nao haupatikani pasipowahi kuota misonobari. Chota udongo chini ya misonobari mikubwa, uchanganye kidogo na udongo wa kitalu chako.

Sasa tuta. Chekecha udongo wa msituni pamoja na mchanga. Usitie samadi mbichi. Sia mbegu mbalimbali, usizirundike, na uzifukie kidogo tu, kina kisizidi mara mbili ya unene wa mbegu. Tandaza nyasi juu, kisha uziondoe mara miche inapochomoza. Weka kichanja cha kivuli. Mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo ili mbegu zisichukuliwe na maji.

Ukiona miche inaanguka na shina limeoza pale linapotoka udongoni, huo ni ugonjwa wa kinyausi. Wengi wakiuona huongeza maji, kumbe maji mengi ndiyo yaliyouleta. Punguza maji, punguza miche iliyosongamana, upitishe hewa, na ung'oe iliyougua.

Miche ikipata majani mawili ya kweli, ihamishie katika viriba, au makopo yaliyotobolewa chini. Ushike mche kwa jani, usiushike shina. Jani likivunjika litaota jingine, lakini shina likipondeka mche umekwisha.

Wazee walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Nao mche ni vivyo hivyo. Umeulea kivulini, lakini shambani hakuna kichanja. Mwezi mmoja kabla ya kupanda, punguza kivuli na maji kidogo kidogo, na ukate mizizi iliyopenya chini ya kiriba. Mche uliozoezwa hivyo hautashtuka na jua.

Panda mvua zikiisha kulowesha ardhi vizuri. Chimba shimo la futi moja na nusu kila upande. Ondoa kiriba kabla ya kufukia, na udongo wa mizizi usivunjike. Palilia, na uzuie mbuzi.

Nina neno moja la kuonya. Si kila mgeni hujua mipaka. Mwati huenea wenyewe, na mbegu zake hulala ardhini miaka mingi, kwa hiyo usiupande kandokando ya mto wala mpakani na malisho ya jirani. Mkaratusi nao hunywa maji mengi, usiuweke karibu na chemchemi.

Mwisho, kabla ya kupanda mbegu usizozijua, jaribu mbegu 20 katika kopo la mchanga. Zikiota 15, ni njema. Zikiota 3, tafuta nyingine kabla hujapoteza msimu. Na kila mfuko wa mbegu uandike tarehe ziliyookotwa.

Hapa mbele yangu kuna kikapu cha kokwa za mwarobaini, zimeokotwa juzi na kuoshwa jana. Ninyi wa tambarare, kila mmoja achukue konzi moja. Msiziweke. Zianikeni kivulini leo na kesho, mzipande keshokutwa. Nitapita kuwatembelea mwezi ujao, tuhesabu miche pamoja.