Ujiji na Akiba ya Siku za Giza
Hotuba ya Katibu katika mkutano wa kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema machache katika siku hii ambayo Chama chetu chatimiza miaka 10. Desturi ya sherehe kama hii ni kuyasifu yaliyopita. Sisi twaomba ruhusa tuseme habari za mji wetu wa Ujiji, kwa kuwa chama si jengo wala mhuri, bali ni watu. Tena katika habari za mji huu mna mafundisho yanayohusu shauri ambalo mkutano utalikata alasiri ya leo.

Ujiji leo ni mji mdogo, walakini jina lake lilivuma mbali kabla ya miji mingi ambayo sasa ni mikubwa. Burton na Speke walipofika hapa mwezi wa Februari 1858, walifuata njia ya misafara iliyokwisha kukanyagwa na wengine. Pembe za ndovu, nguo, shanga na chumvi ya Uvinza zilipita hapa. Na kwa huzuni twasema ya kwamba wanadamu nao walipitishwa wakiwa watumwa. Katika mapito hayo ya heri na ya shari watu walikutana: Wajiji wenyeji, Wamanyema na Wabembe kutoka ng'ambo, Waarabu, na Waswahili wa Pwani. Ndiyo sababu hata leo Kiswahili kwetu ni lugha ya ndani ya nyumba.

Kisha mji ukaanza kupoteza. Karibu na mwaka 1878 maji yalizibua mlango wa mto Lukuga, upande wa magharibi, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kiasi cha mita 10. Ufuko ukausogea mbali mji. Mgeni aendaye kutazama mahali pa ukumbusho wa Livingstone na Stanley, penye miembe, hustaajabu akiambiwa ya kuwa zamani maji yalikuwa karibu na hapo. Mwaka 1914 reli ya kati ikafika ziwani, lakini ikaishia Kigoma, penye kina cha kutosha meli. Basi misafara ilikwisha, na bandari ikahama. Watu hawakuhama. Waligeukia mashamba, michikichi na uvuvi, na kwa dagaa jina la mkoa wetu likarudi tena masokoni mpaka Dar es Salaam.

Fundisho la kwanza ni hili: riziki ya mji huu imebadilika mara nyingi, na kila mara aliyenusurika ni yule aliyekuwa na kitu cha kuanzia na jirani wa kumshika mkono.

Fundisho la pili lahusu amana. Mwezi wa Oktoba 1871 Livingstone alirudi Ujiji akiwa mgonjwa, akitumaini kukuta shehena aliyopelekewa. Alikuta imekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuitunza. Muda mfupi baadaye Stanley akafika na mahitaji, na dunia yakumbuka zaidi maamkizi yao kuliko ile shehena iliyopotea. Sisi watu wa ushirika yatupasa kuikumbuka shehena. Mali ile ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, naye hakuwa na wa kumwuliza hesabu.

Sasa tuje kwenye kazi yetu wenyewe. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga huwavuta juu, wavu nao huinuliwa kutoka chini yao. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina nguvu, na wavuvi hupumzika siku kadhaa. Kwa hiyo kwetu sisi mambo yamegeuka: siku za giza ndizo siku za neema, na siku za mwanga ndizo siku za kungoja. Wazee wetu walijua kwamba asiyeweka cha giza hana cha kula mwezini.

Lakini sasa kungoja kumerefuka. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, ila samaki wetu huishi katika tabaka la juu tu, maana huko chini hakuna hewa ya kuvuta. Chakula cha ziwa huzama vilindini, na upepo wa kusi, uvumao kati ya Mei na Septemba, ndio husaidia kukirudisha juu. Mwaka 2003 wataalamu walieleza katika jarida la Nature ya kwamba maji ya juu yamepata joto, nayo hayachanganyiki vema na ya chini kama zamani. Hivyo chakula cha samaki hupungua. Tukiongeza juu ya hayo wingi wa nyavu na udogo wa matundu yake, si ajabu mavuno yakapungua.

Kwa sababu hiyo nchi 4 zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha, na kwa upande wetu ziwa lilifungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Hatukusimama hapa kulalamikia amri hiyo. Shamba hupumzishwa, na ziwa vilevile. Walakini sote twajua yaliyopita majumbani. Wapo waliouza taa na nyavu kwa bei ya kutupa, wapo waliokopa kwa madalali kwa ahadi ya dagaa ambao hawajavuliwa. Ziwa lilipofunguliwa, walivua mali ya mtu mwingine.

Ndipo likaja shauri la leo, la kuanzisha mfuko wa akiba: kila usiku wa giza chombo kirudipo, sehemu ya mauzo iwekwe, nayo itolewe wakati wa kufungwa ziwa. Hilo halina ubishi mkubwa. Ubishi ni huu: mfuko uwe wa nani? Wako wenzetu wasemao uwe wa wenye vyombo peke yao, kwa kuwa wao ndio wenye kuhatarisha mali. Twaiheshimu hoja yao, maana chombo kikipotea hasara ni yao. Lakini twawauliza kwa adabu: dagaa akishuka mwaloni, ni nani amwanikaye mchangani, amgeuzaye juani, na kumkimbiza mvua ikitanda? Ni akina mama zetu. Ni nani ainuaye wavu usiku kucha? Ni vijana wasio na chombo. Ziwa likifungwa, hao ndio wa kwanza kulala na njaa, nao hawana hata wavu wa kuuza.

Sisi katika ofisi ya Chama twapendekeza mambo 3. Kwanza, mwanikaji na mvuvi wa kibarua waweke akiba kila mtu kwa jina lake mwenyewe, hata kama ni kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Pili, fedha zisitolewe ila kwa sahihi za watu 3, na mmoja wao awe mwanamke mwanikaji. Tatu, hesabu isomwe kwa sauti mwaloni kila mbalamwezi, wakati vyombo vyote viko pwani na kila mtu aweza kusikia na kuuliza. Katibu naye ataulizwa kama wengine.

Ndugu wanachama, ziwa lilipousogea mbali mji huu, hakuna aliyeulizwa. Reli ilipoishia kwingine, hakuna aliyeulizwa. Shauri hili mmeulizwa ninyi, na mikono itakayoinuliwa alasiri ni yenu. Twawaomba mtakapoinua mkono mmkumbuke yule ambaye hana chombo.

Twawatakieni sikukuu njema, na giza lijalo liwe la neema.